Mwembe wa Mama na Ntumba za Baba

Sisi tuliokulia Chanji, hapa Sumbawanga, enzi zile nyumba zikiwa bado zimeachana na kila uwanja una bustani yake, baridi ya mwezi wa sita hatukusimuliwa. Tulikwenda shule tumeficha viganja ndani ya mikono ya sweta, visigino vimepasuka, na nyasi za njiani zimelowa ukungu. Watoto wa siku hizi wanapelekwa na bodaboda, miguuni soksi, na bado wananuna kwamba maji ya kunawia ni ya baridi. Sisi jioni tulicheza kombolela mpaka tuitwe kula ugali wa ulezi na dagaa, na ukiitwa mara ya pili ulijua kinachofuata.

Dagaa walitoka kwao mama. Mama yangu alizaliwa Kirando, kando ya ziwa, ambako maembe huanguka yenyewe mpaka mbuzi wanayachoka. Baba, Mfipa hasa, alimwoa akamleta huku juu kwenye baridi, na kitu pekee alichokililia mama ni embe. Baba akamwahidi mbele ya ndugu zake kwamba atakula embe la uwanjani kwake mwenyewe. Mjomba, kaka yake mama, akacheka. Baba hakupenda kuchekwa. Alichukua kokwa la embe moja alilokuja nalo mjomba, akalifukia nyuma ya jiko, ambako ukuta unakinga upepo.

Mche ukaota, na baba akaanza kuulea kama anavyolea shamba lake. Wanaotoka kwetu wanazijua ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze, zirutubishe udongo. Kwa baba hakukuwa na mmea usiohitaji ntumba. Kila mvua zilipokaribia kuisha tulitumwa kuleta nyasi na samadi, naye akafukia kuzunguka shina la mwembe, akashindilia, kisha akasimama kando kuitazama kazi yake.

Mwembe ukanawiri kuliko miti yote ya mtaa. Chini ya kivuli chake tulicheza gololi tukagombana na kupatana. Lakini maua hayakuonekana. Mwaka mti ulipotoa machache, ukungu wa mwezi wa saba uliyafanya meusi, yakapukutika. Baba akasema ni baridi, akaongeza samadi.

"Shemeji," mjomba alimwambia alipokuja na kikapu chake cha maembe, "mti huu unakula vizuri kuliko watoto wako. Kwetu hakuna anayeulisha mwembe. Uache uone njaa kidogo, na hilo shina ulifukue."

"Kwenu kuna joto," baba akajibu. "Huku mti usipotunzwa unakufa."

Nilipokuwa mkubwa nilikuja kuelewa kwamba kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Baridi na ukungu huua maua ya mwembe, na mbolea ikizidi huishia kwenye majani. Mama hakuingilia ubishi huo. Alikata maembe ya kaka yake, akatugawia nyama, na kokwa akambakizia baba, maana alipenda kulinyonya mpaka linabaki jeupe.

Miaka ikapita, tukaoa na kuolewa, mimi nikahamia Mazwi, mtaa mwingine wa mji. Baba akafariki mwembe haujazaa hata embe moja. Mwaka ule wa msiba hakuna aliyekumbuka nyasi wala samadi. Mvua zikaiteremsha ntumba, shina likabaki wazi. Kipupwe kilichofuata kilikuwa kikavu, hakikuwa na ukungu mwingi, na mwembe ukatoa maua yakashika.

Mama akanipigia simu. "Deo, njoo nyumbani." Nikadhani anaumwa. Nilimkuta ameketi kizingitini na embe mkononi, dogo, lenye nyuzi. Alinikatia kipande. Lilikuwa chachu kweli. Yeye alilila lote, kisha akanyonya kokwa mpaka likawa jeupe.

"Baba yako alisema nitakula," akasema. "Nimekula."

Niliumia kwamba baba hakuwepo kuliona embe lile. Niliumia zaidi nilipofikiri kwamba mti ulizaa kwa sababu hayupo.

Sasa maembe ya Kirando yamejaa sokoni Sumbawanga, makubwa, matamu. Wanangu wanaling'ata moja nusu, wanalitupa, macho kwenye simu. Sisi embe moja tuligawana nyumba nzima, na ganda tukalikwangua kwa meno. Siwalaumu, hawajawahi kulisubiri embe.

Mwaka huu, mvua zikielekea kuisha, nilikwenda Chanji nikamkuta mama nyuma ya jiko ameshika jembe. Alikuwa anafukia nyasi kuzunguka shina.

"Mama, ukifanya hivyo hautazaa tena."

"Najua," akasema, bila kusimamisha jembe. "Embe nitanunua sokoni. Baba yako hakuuacha mti wake ukiwa hivi, shina uchi kama hauna mwenyewe."

Nikavua koti, nikaenda kutafuta samadi.