Bosi alimwita mwenzangu "meticulous", nikaenda kuchimba asili ya neno kwa wivu

Wakuu, salaam. Haya ninayoandika yananiaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Nipo Songea mjini, nahudumia kwenye duka la dawa. Mwaka wa sita huu. Mwaka jana bosi wetu, Mama Ngonyani, akamleta dada mmoja wa Nakapanya anaitwa Rehema.

Rehema ana taratibu zake. Chupa anaisoma mara mbili. Anamweleza mteja, halafu anamwambia na yeye arudie. Mimi nahudumia watu watano, yeye bado yuko na yule yule mmoja.

Siku moja bosi akapata mgeni, mfamasia mstaafu. Akamwonyesha Rehema, akasema kwa Kiingereza, "She is very meticulous."

Mimi nimesimama hapo hapo na ndoo ya kudekia. Hakuna aliyeniangalia.

Wiki ile ile Rehema akakabidhiwa funguo za stoo. Wakuu, wivu ni ugonjwa. Hata alivyokuwa anakunja mtandio wake ilinikera.

Nikaingia mtandaoni kutafuta lile neno. Maana yake: mtu makini mno, anayeangalia hata kitu kidogo ili asikosee. Roho ikazidi kuuma.

Nikashuka kwenye asili yake. Hapo nikapata dawa yangu. Limetoka kwenye Kilatini, metus, yaani hofu. Zamani ukiitwa hivyo, umeitwa mwoga. Hii ya kusifia imekuja baadaye sana.

Sikuwa natafuta elimu pale. Nilitaka jiwe la kumrushia.

Asubuhi, wateja wamejaa, nikasema kwa sauti: "Mama, lile neno ulilomsifia Rehema, asili yake ni mwoga. Kamusi yenyewe inasema."

Wateja wawili wakacheka. Nikajiona mfalme, nikawa nahudumia huku napiga stori.

Rehema hakununa. "Ni kweli, kaka Method," akasema. "Mimi mwoga. Mdogo wangu aliuziwa dawa isiyo yake, tukamzika. Tangu hapo kila chupa naiogopa."

Akachukua chupa iliyofuata, akaisoma mara mbili.

Mnajua nilichowaza? Niliwaza, hata hapa kanishinda. Ndipo wivu uliponifikisha.

Mchana akahesabu rafu kama kawaida yake, akaja taratibu. "Kaka, sirapu ya watu wazima imepungua moja, ya watoto imezidi moja. Asubuhi ulimuuzia nani?"

Nilimkumbuka bibi mmoja wa kijiji cha Mpitimbi, alinunua ya mjukuu wake wa miaka miwili. Nilimhudumia nikiwa bado nafurahia kicheko cha wale wateja.

Simu yake hatuna. Nikachukua chupa sahihi, nikapanda bodaboda. Mpitimbi nikauliza nyumba kwa nyumba: bibi aliyetoka mjini leo, ana mjukuu anayekohoa.

Nilimkuta barazani. Chupa imeshafunguliwa. Alikuwa anamsubiri mtoto amalize uji.

"Shikamoo bibi, usimpe hiyo! Nilikosea mimi."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu," akasema, akaniletea maji.

Niliporudi nilimweleza bosi kila kitu. Akanitoa kaunta wiki mbili, nikae pembeni ya Rehema nitazame anavyofanya. Rehema aliposikia mtoto ni mzima alisema tu, "Alhamdulillah," akaendelea na mteja.

Nilichojifunza: wivu ulinisomesha neno zima, maana yake nikaja kuipata Mpitimbi.

Mwezi huu Rehema kapewa usimamizi wa duka. Imeniuma, sidanganyi. Ila mwanangu akiugua, dawa yake namwomba Rehema ndiye aitoe.

Wewe uliyewahi kumwonea wivu mwenzako kazini, uliishia wapi? Andika hapo chini. Hata wa kunisema, semeni.