Gari la Mteremkoni

Mume wangu akifika mahali pageni haangalii watu kwanza. Anaangalia ardhi. Tulipokwenda msibani kwa shangazi yake, wenzake waliingia kutoa pole, yeye akabaki nje anapima kwa jicho wapi pana mteremko. Akaliegesha gari mbali kabisa, kule juu, tukateremka kwa miguu huku viatu vya kuazima vinanibana. Waliokuja bila gari walitembea kidogo kuliko sisi. Gari letu haliwaki kwa ufunguo, linawaka likiteremka.

Halikuwa hivyo lilipokuja. Yeye alikuwa mpakiaji kwenye kiwanda cha mikate, anapanda nyuma ya gari la kiwanda juu ya makreti, anarudi unga umemkaa kwenye nyusi. Alidunduliza miaka mingi mpaka akanunua kigari chake cha mzigo. Kilikuwa kikuukuu lakini kinatembea, na kiwanda kikampa njia yake mwenyewe ya kusambaza mikate madukani. Wiki hiyohiyo mwenye duka mmoja, aliyezoea kumwita "wewe kijana", alimwita mzee. Aliponisimulia jioni, alisimulia mara mbili, kama vile ya kwanza sikuisikia.

Kisha stata ikafa. Akaweka ya mtumba, nayo ikafa. Ya tatu ilipomfia akasema mteremko haudai spea, na tukahama. Hivyo ndivyo tulivyochagua nyumba, si kwa chumba wala kwa choo. Kwanza alisimama mlangoni akatazama njia inavyoshuka mpaka chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akaingia kuona kama paa linavuja. Linavuja. Bomba la maji liko kulekule chini. Njia ni hiyohiyo moja: kwa gari ni mteremko, kwangu mimi na ndoo kichwani ni mlima.

Breki ya mkono nayo haishiki, kwa hiyo gari lililala na jiwe mbele ya tairi, na jiwe lilikuwa kazi yangu. Alfajiri yeye anaingia kwenye usukani, ananyoosha mkono dirishani, mimi nainama navuta jiwe. Gari linaondoka kimyakimya kama mtu anayetoroka deni, linapita mlango wa jirani, linafika chini, hapo ndipo linakohoa na kuwaka. Nilikuwa nasimama hadi niusikie mlio. Nisipousikia, namfunga mtoto mgongoni nashuka kusukuma.

Majirani walilipa gari jina, Mgonjwa. Ilikuwa ndiyo salamu yetu. "Mgonjwa ameamkaje, shemeji?" Mume wangu anajibu, "Anaendelea." "Uji amekunywa?" "Kidogo." Mwanzoni alikuwa anacheka nao. Baadaye alijibu bila kuinua uso.

Maana baada ya stata ilikuja rejeta, baada ya rejeta klachi. Kila alichopata kwenye mikate kilirudi kwa fundi, na fundi tulimzoea mpaka binti yetu akawa anamwita baba mdogo. Binti mwenyewe, tangu aanze kutembea, akawa hawezi kuona kitu kimesimama asikitegee kijiwe. Kigoda, sufuria, kandambili za baba yake, vyote aliviwekea jiwe ndipo aende akacheze.

Mimba ya pili ilinikuta hapohapo mlimani. Ilipoanza kuwa nzito nikawa napumzika njiani mara nyingi, naitua ndoo, najifanya nafunga kanga vizuri. Ndipo jirani akaniambia kuna chumba kule bondeni, bomba liko uani, mpangaji anahama na mwenye nyumba anataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Nilingoja mume wangu ale ashibe, nikamweleza. Alisikiliza vizuri tu.

"Kuna mteremko?" akauliza.

"Hakuna. Kuna bomba."

Akanawa mikono taratibu, akasema tutaona. Nikaijua "tutaona" hiyo.

Jumapili fundi akaja, maana Mgonjwa alikuwa anatoa moshi wa buluu na kunywa oili kuliko sisi tunavyokunywa chai. Alifungua, akachungulia, akafunga. Hakutoa hata spana. Akasema injini imekwisha, gharama ya kuifungua upya inazidi bei ya gari lenyewe. Mume wangu akasema afanye hata kidogo, lisogee sogee. Fundi akakaa chini kwenye ngazi yetu.

"Kaka, gari hili limenisomeshea watoto," akasema. "Sasa hata mimi naona haya. Niuzie nilikate spea. Na kiwandani si wanatafuta dereva? Wewe unangoja nini?"

Habari hiyo ya dereva mimi nilikuwa siijui. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amechukua kitambaa anafuta spana yake mwenyewe ambayo haikuwa imeguswa.

"Niendeshe gari la mtu," akasema.

"La mtu linakubeba, lako unalibeba. Chagua," fundi akamjibu, akaniaga mimi, "Shemeji, siku njema," akaenda zake.

Mimi si mtu wa kusukuma maneno, na nilimwelewa. Mtu akishakaa nyuma juu ya makreti miaka yote ile, usukani wake mwenyewe si chuma tu.

Kesho yake alfajiri alinyoosha mkono dirishani kama kawaida. Nikainama, tumbo likanikatalia. Nikapiga goti moja, nikapiga la pili, nikashika jiwe, halivutiki. Akatoa kichwa akaniona pale chini kwenye vumbi. Nadhani siku zote alikuwa anaona mkono wangu tu. Akafungua mlango akaja.

"Inuka, mama. Acha, nitatoa mimi."

Akaninyanyua, akanisogeza pembeni. Akainama akavuta jiwe kwa nguvu zake zote.

Ndani ya gari hakuna mtu.

Sote wawili tulilitazama likiondoka. Lilianza polepole, kwa adabu kabisa. Kisha akatupa jiwe akakimbia, kandambili moja ikabaki njiani, akaushika mlango, akaburutwa kidogo, akajirusha ndani. Nilisikia breki ya mguu ikilia. Lilisimama limegusa kibaraza cha jirani, pale watoto wake wanapokaaga kunywa uji. Walikuwa bado wamelala.

Nilishuka nimeshika tumbo. Mume wangu alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, anatazama kile kibaraza. Goti lilikuwa linatoka damu na wala hakujua. Nikasimama dirishani, nikamwekea mkono begani.

"Kile chumba," akasema, "bado kipo?"

"Kipo."

Mikate ya siku ile ilichelewa. Alipotoka madukani alipitia kiwandani kusema ataendesha gari lao, kisha akapita kwa fundi.

Fundi alikuja kulichukua jioni ya Ijumaa. Alikaa kwenye usukani yeye, mume wangu akavuta jiwe. Nilidhani litashuka kimya hadi chini kama ilivyo desturi yake. Halikufika hata mlango wa jirani, likawaka, mlio safi, kama linatukomoa. Mume wangu akasimama na jiwe mkononi akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

Jirani akatokea kibarazani. "Mgonjwa kapona, shemeji?"

"Karuhusiwa," akajibu. Safari hii aliinua uso.

Kisha akaliweka jiwe chini, akachukua ndoo yangu akashuka nayo bombani. Kuhama kulikuwa kesho yake lakini maji ya usiku yalihitajika. Nilimwangalia akipanda. Alitua mara ya kwanza, akatua tena, na alipofika mlangoni jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Hukuwahi kuniambia ni mbali hivi," akasema.

"Wewe ulikuwa unateremka tu."

Akakaa kwenye ngazi. Binti akaja na kijiwe chake, akakitega kwenye ndoo, akakibonyeza kishike vizuri. Tukamwacha.