Watiri na Bandari Mbili

Watu wa Kiganjo waliiita stesheni yao bandari, ingawa wengi wao hawakuwa wameona bahari. Chumvi, sukari, saruji na mabati kutoka Mombasa vilishushwa hapo, kwa kuwa reli ilipita Kiganjo ikauacha mji wa Nyeri kando, na ikabidi mikokoteni ya ng'ombe, na baadaye malori, vipange foleni kubeba mizigo hadi mjini. Kahawa na viazi vilishuka kwa njia hiyohiyo. Watiri, mama tuliyemzika juzi, Mungu ampokee, alitoka kwao Giakanja akaolewa kwenye shamba lililo juu ya stesheni hiyo, na mumewe Theuri, baba wa mtoto wao Ngendo, alikuwa dereva wa gari la moshi la Nanyuki.

Enzi ya mvuke, kila dereva aliyekuwa na mke kando ya reli alikuwa na mpigo wake wa honi. Salim, aliyekaa kwenye nyumba za reli, alipiga kama mbuzi anayefungwa kamba. Theuri alipiga mifupi miwili, kisha mmoja mrefu uliopanda na kukatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo. Watiri akiusikia kwenye kona ya kutoka Karatina, aliwasha moto. Injini ikinywa maji pale stesheni, yeye alikuwa anateremka na mukimo wa moto, viazi na mahindi ya kupondwa, ndani ya kikapu, na dereva akala akiwa amesimama.

Dizeli zilipoanza kuletwa, miaka michache baada ya uhuru, honi zikawa na sauti moja. Theuri akaambiwa achague: aende darasani kujifunza dizeli, au aifuate injini ya mvuke hadi bandari ya Kisumu, akasukume mabehewa gatini penye meli za ziwa. Akachagua injini.

"Mwaka ukiisha nitarudi," alisema.

Mwaka ukaisha, na wa pili ukaisha. Alikuja Krismasi moja, akawa anatoka nje kila gari lilipopita, na kabla ya mwaka mpya alikuwa ameondoka. Kanisani watu walianza kumuuliza Watiri habari za mumewe kwa sauti ya chini, ile inayotumiwa kwa wagonjwa. Wengine walisema wazi kwamba Theuri amelowea. Watiri alikuwa hamalizi mstari mmoja wa viazi bila kunyoosha mgongo na kutazama reli.

"Wifi," Wacera, dadake Theuri, alimwambia siku moja wakipalilia, "ati wanawake wa huko ziwani wanapika samaki na macho yake. Ndugu yangu ni mwoga. Atarudi."

"Na akizoea?"

"Akizoea, basi wewe umepumzika kuponda mahindi na viazi."

Watiri hakucheka. Ilikuwa Julai, ukungu umefunika mlima, na ndani ya ukungu huo honi ikalia: mifupi miwili, kisha mmoja mrefu, ukapanda, ukakatika.

Jembe lilianguka. Wacera naye alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Ni yeye," Watiri akasema.

Mukimo haukupata muda wa kulainika vizuri. Aliteremka kilima akiteleza kwenye matope, huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Miaka mingi baadaye aliwaambia kina mama wa kanisani kwamba alishukuru kabla ya kuona, na kwamba hajuti, kwa maana shukrani haipotei.

Pale stesheni ilisimama injini ya mvuke kweli, ikitoa jasho. Aliyechungulia dirishani hakuwa Theuri. Alikuwa Muriithi, aliyekuwa msaidizi wake, sasa amekuwa dereva.

"Habari ya nyumbani, mama."

"Baba Ngendo yuko wapi?"

"Si yuko Kisumu? Dizeli imekufa Sagana, ndiyo tumepewa huyu mzee wa mvuke."

"Na honi amepiga nani?"

"Ni mimi." Kisha akaona kikapu, na mvuke unaotoka ndani yake, akavua kofia polepole. "Nisamehe, mama. Yeye ndiye aliyenifundisha. Sijui kupiga nyingine."

Watiri alikinyanyua kikapu hadi dirishani. "Kula. Kimeshapikwa."

Muriithi akala. Watiri akasimama chini, mikono yake ikitafuta mahali pa kukaa.

"Ulimwona lini?"

"Pasaka."

"Alisema atarudi?"

Muriithi alitafuna kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. "Alisema huko bado kuna injini inayomsikia. Huku, alisema, atakuwa mtu wa kukaa tu."

"Na mimi?"

"Hakusema, mama. Nami sikuuliza."

"Basi nitauliza mwenyewe. Unashuka Nairobi lini?"

"Kesho, Mungu akipenda."

Wacera alimwambia ni wazimu kuacha shamba wakati wa kupalilia. Watiri alikuwa tayari anafunga kitenge kichwani.

Kisumu wakati huo ulikuwa mji mdogo wa bandari, wenye joto lililomshika mtu wa Nyeri kooni kabla hajatoka stesheni. Alifuata reli hadi gatini. Alimwona Theuri akisukuma mabehewa ya magunia kuelekea ubavu wa meli, taratibu, kama anayemsindikiza mgonjwa. Theuri alipomwona alisimamisha injini, akaruka chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuuliza kama umehama."

Theuri akafuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono. "Kwenye dizeli, Mama Ngendo, dereva anakaa kama karani. Na nyumbani nitafanya nini? Nipige kahawa dawa nikisikia gari za wengine zikipita?"

"Sijakuuliza utafanya nini."

Msimamizi wa gati akapaza sauti kwamba meli haingoji mazungumzo ya mtu na mkewe. Theuri hakugeuka.

"Sijahama," akasema.

"Basi niambie utakuja lini, nikalime nikijua."

Aliitazama injini, kisha akamtazama mkewe. "Siku watakayoizima hii. Kabla ya hapo siwezi, nisikudanganye."

Hilo silo jibu aliloliombea. Lakini lilikuwa la kweli, nalo lilimtosha kurudi nalo. Alikaa naye hadi Jumapili, wakasali katika kanisa ambalo maneno ya nyimbo zake hakuyaelewa, kisha akapanda gari la Nairobi. Tangu mwaka ule, mavuno yakiisha, alimwachia Wacera shamba, akaenda Kisumu, akarudi kabla ya mvua. Waliosema Theuri amelowea wakaanza kusema Watiri ndiye asiye na kwao.

Mwishowe injini ilizimwa, naye Theuri akashuka Kiganjo na sanduku moja, akawa mtu wa kahawa, mwenye kunung'unika. Miaka waliyobakiziwa na Mungu waliishi pamoja. Ila kila mavuno yalipokwisha, Watiri alianza kukunja nguo, akazijaza kapuni, ndipo akakumbuka kwamba hakuna tena wa kumfuata Kisumu.