Dawa ya Meno Kwenye Gari la Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia Dodoma miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mtoto wa kike alipimwa kwa sufuria. Ukimaliza kuosha, mama anaigeuza juani, na asipoona sura yake kwenye kitako, unarudia. Mimi na mdogo wangu Stella tulisugua kwa majivu yaliyochekechwa na kitambaa kibichi, mkono ukizunguka na kuzunguka, nyuma ya nyumba yetu pale Makole, huku upepo ukitumwagia vumbi hata hatujasimama. Watoto wa siku hizi ukiwatajia majivu wanadhani unaumwa.

Mwaka mmoja baba akapunguzwa kazini. Alikuwa karani serikalini. Kwa kiinua mgongo chake akanunua gari dogo la mtumba kutoka Japani, la bluu iliyokoza, akasema atakuwa anabeba maharusi. Watu walimcheka. Mtu mzima aliyezoea tai na meza, leo akimbizane na mabibi harusi! Yeye akawa anafuta gari lake. Alilifuta asubuhi, akalifuta jioni, na kazi haikuja.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wangu wa darasa la nne, Mwalimu Agnes, aliyekuwa anaolewa Hombolo.

"Shikamoo, Baba Rehema," alisema. "Nimekuja kwako kwa ajili ya Rehema. Lakini shangazi zangu watakuja Alhamisi kulikagua gari. Wakilikataa, mimi sina sauti."

Baba akaitikia marahaba, akaniangalia kama vile nimefaulu mtihani.

Jumatatu yake tukaamua kumsaidia. Baba alikuwa ametoka, mama yuko bombani, na gari lilikuwa na vumbi. Tukaleta majivu. Tukalisugua kama sufuria, boneti na milango, kwa moyo wote. Stella alitaka tumalizie na polishi nyekundu ya sakafu; nikamkataza kwa sababu gari lilikuwa la bluu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Baba aliporudi, jua lilikuwa linapiga mlangoni. Rangi yote ilijaa miduara, mikwaruzo midogo inayozungukana kama kwenye sahani ya bati iliyosuguliwa miaka, na ule mng'ao ulikuwa umekufa. Akaweka kiganja kwenye boneti.

"Nani kafanya hivi?"

Tukasema ni sisi, tena kwa furaha, mpaka tulipouona uso wake. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua ndoo, akawahi: "Baba Rehema, ukitaka kupiga, nipige mimi. Majivu nimewafundisha mimi."

Hakupiga mtu. Akaenda kwa fundi rangi mmoja kuomba ushauri. Alirudi na jibu: mikwaruzo ya juujuu, dawa ya meno itaipunguza. Akatuita wote. Kwanza, alisema, vumbi letu ni mchanga, kwa hiyo liondoke kwa maji ya kumwagia, lisisuguliwe. Maji yenyewe ni ya kuchota, jamani, na bomba liko mbali! Kisha kanga kuukuu ya mama, laini, dawa kidogo, sehemu ya ukubwa wa kiganja, polepole, ufute kabla haijakauka. Mwisho kabisa nta. Tulikesha mchana, kama alivyotutania mama, siku mbili nzima, watu wanne kwenye gari moja. Dawa ya meno ya nyumba nzima ikaisha, tukapiga mswaki kwa chumvi hadi mwisho wa mwezi. Baba hakutukemea hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Alhamisi wakaja shangazi watatu. Walilizunguka gari mara ya kwanza, mara ya pili. Mmoja akasimama mlangoni, akajiona, akaweka kilemba chake sawa.

"Hili linafaa," akasema.

Baba akaingia ndani haraka, nikamsikia akipenga kamasi.

Jumamosi tulikwenda Hombolo, bibi harusi na msimamizi wake nyuma, mimi na Stella tumebanana kiti cha mbele na dumu la maji miguuni. Karibu na kanisa baba akasimama, akalimwagia gari maji vumbi lote likatoka, akalifuta kwa kanga ile ile. Mpiga picha akamsimamisha Mwalimu kando ya mlango, na baba na sisi tukasimama nyuma ya mpiga picha kuangalia.

Leo nina gari langu. Vijana wa kuosha magari wanalipiga maji ya mashine, kisha kitambaa kilichofuta matairi ndicho hicho kinapanda kwenye boneti, macho yao kwenye simu. Juani miduara tele. Nikilalamika wananijibu, "Mama, limetakata hilo." Wana picha zao mia kwa siku, hata za chipsi. Nyumbani kwetu hatukuwa na kamera. Baba alipofariki tulikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho cha kazi, amekunja uso.

Juzijuzi Mwalimu Agnes, mstaafu sasa, alinifungulia albamu yake ya harusi. Yuko kando ya gari, anacheka. Na nyuma yake, ndani ya mng'ao wa mlango wa bluu, kama kwenye kioo, yupo mwanaume mwembamba mwenye kanga begani, wasichana wawili mbele yake. Anacheka na yeye. Sikuwahi kujua kwamba siku ile baba alicheka.

Nilimwomba Mwalimu ile picha, akaichomoa bila kuniuliza. Ipo sebuleni kwangu. Wageni wote humtazama bibi harusi kwanza. Mimi naanza na mlango.