Nilimkataza mama yangu kumpa binti yangu hata maji, kisha nikampikia pasta ya cheese

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisii mjini. Mvua imenyesha tangu saa nane, dukani hakuna mteja, nimeona leo nitoe hiki kitu kifuani.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, miaka mingi sasa. Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sio rafiki yangu wala jirani. Jina la mtoto tu ndilo nimebadilisha. Ni marefu kidogo na ndani kuna mapishi, kwa hivyo mwenye njaa avumilie.

Nauza vitabu na vifaa vya shule. Mke wangu ni mwalimu, kwao ni upande wa ziwa. Tuna mtoto mmoja, Kemunto, ana miaka minane.

Kemunto alizaliwa na afya yake. Alipoanza kula chakula cha watu wazima ndipo shida ilipoanza. Kuharisha, tumbo kuvimba, mtoto hakui. Tulimpa dawa za minyoo mpaka nadhani minyoo yenyewe ilihama nchi. Tuliombewa. Shangazi yangu akasema ni jicho la mtu.

Alipofika miaka sita daktari mmoja akampima vizuri na kutuambia utumbo wake haupatani na gluten, ile protini iliyo kwenye ngano na shayiri. Hakuna dawa. Dawa ni kuacha. Chapati, mandazi, mkate, spaghetti ya kawaida, hata biskuti moja, basi, maisha yake yote. Hata unga kidogo uliobaki kwenye mwiko unaweza kumlaza.

Jaribuni kulea mtoto Kenya hii bila chapati, halafu mje tuongee. Birthday yoyote, Krismasi yoyote, chapati ndio mgeni rasmi.

Mama yangu alikuwa anaishi Ekerenyo, mjane, na majani chai yake na migomba yake. Nilipomweleza ugonjwa wa mjukuu wake alicheka.

"Sasa hiyo nayo ni shida? Huyo mtoto anataka tu kula kama watu wa zamani. Wimbi iko."

Na kweli, wimbi, yaani ulezi, haina gluten. Mama akalima wimbi kando ya majani chai, akavuna, akaanza kututumia unga wa uji na wa ugali. Alikuwa anausaga kwa mkono, kwenye lile jiwe la nyanya yake. Posho mill iko hatua chache tu kutoka kwake, lakini yeye na jiwe, jiwe na yeye. Mimi nikajua ni ukaidi wa wazee. Sikuuliza.

Hapo ndipo kosa langu lilipolala, wakuu. Sikuuliza.

Unga wa jiwe hauwi laini. Kemunto akaanza kulalamika kwamba uji una mawe na unamkwaruza ulimi. Kila asubuhi ni kununa. Na mimi kwa huyu mtoto ni mnyonge, akitoa chozi moja natafuta ngazi nimpandie mwezini.

Basi likizo ya Agosti nikachukua unga wa mama, kilo kama sita, nikaupeleka kwenye mashine moja huku karibu na Daraja Mbili usagwe tena. Ukarudi laini kama poda. Kemunto akafurahi. Nikajiona baba wa mfano.

Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilifundishwa shuleni msemo huo. Sikujua ni mimi ninayesemwa.

Likizo hiyo hiyo Kemunto alienda kwa nyanyake siku tatu. Nikasikia kwamba siku moja kulikuwa na maombi hapo nyumbani na watu walinywa chai na mandazi. Aliporudi, haikupita wiki, tumbo likavimba tena. Akatapika mpaka macho yakaingia ndani. Siku mbili alilazwa na dripu mkononi.

Nilipiga hesabu yangu ya haraka. Maombi, mandazi, nyanya asiyeweza kumnyima mjukuu. Jibu likatoka.

Nilienda Ekerenyo nikiwa na hasira ya kutosha watu kumi. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Sikumsalimia hata.

"Mama, ulimpa mtoto mandazi."

"Sikumpa."

"Usinidanganye. Ametoka hapa mzima, sasa amelazwa."

"Sikumpa, Tata."

Tata ndivyo wamama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Ni neno la mapenzi. Nililisikia na bado nikaendelea.

"Kuanzia leo usimpe mtoto wangu kitu chochote. Sitaki unga wako, sitaki ndizi zako. Hata maji usimpe."

Mikono ya mama ilikuwa imejaa majani ya chinsaga.

"Sawa," akasema. "Sitampa."

Mjue kitu kimoja kuhusu Omogusii, yaani Mkisii. Ukimwambia mama mkono wake usimpe mtu chakula, ni kama umemwita mchawi. Hakuna haja ya kutaja lile neno, kila mtu ameshalisikia.

Unga ule wa mashine ulikuwa umeisha siku alipolazwa, na mama hakutuma mwingine. Kemunto akapona. Mimi nikamwambia mke wangu, "Unaona? Tangu tukate vitu vya mama, mtoto ni mzima." Mke wangu akaendelea kusahihisha vitabu vyake.

Desemba tukaenda nyumbani Krismasi. Tulibeba wenyewe chakula cha Kemunto, kwenye vyombo vyetu. Mchana jua lilikuwa kali, mtoto akamkimbilia nyanyake.

"Magokoro, naomba maji."

Mtungi ulikuwa pale nyuma ya kiti cha mama, umefunikwa kwa kikombe. Mama akaweka mikono yake kwenye mapaja.

"Enda uulize baba yako."

Nikafungua chupa niliyotoka nayo Kisii nikampa mtoto mbele ya mama yangu. Bado nilikuwa naamini niko sawa. Baadaye niliwaona wawili hao wamekaa nyuma ya jikoni, Kemunto anaongea na mama anasikiliza. Sikujali.

Sasa twende Februari. Nilipeleka mahindi kwenye ile mashine ya Daraja Mbili. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja na ndoo ya ngano, anataka unga wa chapati. Ikasagwa. Mwenye mashine akachukua mahindi yangu akayamwaga mle mle ndani, bila kufagia wala nini.

Nikamuuliza, "Na hiyo ngano iliyobaki?"

"Hiyo itatoka na yako, boss. Ni kidogo tu, haiui mtu."

Nilisimama hapo na gunia mkononi kama mtu aliyepigwa kofi. Nikakumbuka Agosti. Nikakumbuka kilo sita za wimbi. Nikakumbuka jiwe la mama na kwa nini alikuwa anajitesa nalo.

Ni mimi niliyemlaza mtoto wangu. Mkono wangu huu.

Nilitaka kumpigia mama simu papo hapo. Mke wangu akanikataza. "Haya si maneno ya simu. Mwite hapa ale, umwambie mkiangaliana." Niliona ni busara. Simlaumu. Yeye alisema nimwambie, na kazi hiyo ilikuwa yangu.

Tukamwita Jumamosi. Tukapanga kula saa kumi na moja, mapema, kwa sababu mama hakuwahi kukubali kulala kwa mwana aliyeoa. Kemunto akachagua chakula: pasta ya cheese, ndicho chakula chake cha raha.

Mapishi ni rahisi. Tafuta pasta ya mchele au ya mahindi, supamaketi kubwa za hapa mjini huwa nayo kwenye rafu ya watu wa sukari. Soma pakiti vizuri. Ichemshe kwenye maji mengi yenye chumvi na usiondoke jikoni, maana ya mchele ukiisahau inakuwa uji. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha yale maji uweke kando.

Sufuria nyingine, kijiko cha siagi. Koroga vijiko viwili vya cornflour kwenye maziwa baridi, vikombe viwili hivi, umimine kwenye siagi, moto mdogo, koroga mpaka iwe nzito. Kisha toa motoni ndio uweke cheese uliyoikwaruza. Ukiiweka kwenye moto mkali inavutika kama gundi. Pilipili manga kidogo, changanya na pasta, ikiwa nzito sana ongeza yale maji. Basi.

Mama alifika saa tisa. Na alikuja mikono mitupu.

Mama yangu hajawahi kuja kwangu bila kitu. Hata nikiwa chuo alikuwa anakuja na ndizi kichwani. Siku hiyo alikuja na kibeti chake tu, na ile chinsaga tuliyopika pembeni na maziwa niliinunua mimi mwenyewe sokoni.

Alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ameifunga ndani ya leso.

"Mama, ingia ukoroge," nikamwambia.

"Mimi nitaangalia tu."

Kemunto akamshika, akampa mwiko. Mama hakuupokea kwanza. Aliniangalia mimi.

"Nikoroge?"

Nikasema ndiyo.

Tulipoketi, akaonja. Akatafuna polepole. "Hii ni kama maziwa ya mgando imewekwa chumvi," akasema, na sote tukacheka. Kisha akachanganya na chinsaga, akaonja tena, akasema sasa imekuwa chakula. Kemunto akaiga. Akasogeza kiti, akafungua mdomo kama kifaranga ili nyanyake amlishe.

Mama akajaza kijiko. Akakishikilia hewani, akanigeukia tena.

"Nimpe?"

Wakuu, mwanamke aliyenilisha mimi ananiomba ruhusa ya kumlisha mtoto wangu. Niliitikia kwa kichwa.

Na nikashindwa kusema. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Lakini mtoto alikuwa anacheka, mama anacheka, nikasema moyoni tusiharibu chakula. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimkaripia kwa dakika moja bila woga, lakini kumwomba msamaha nikatafuta kalenda.

Nikimsindikiza stendi akaniuliza, "Uliniita kwa sababu iko neno?"

"Iko, mama, lakini si ya haraka. Nitakuja Jumapili ijayo tuongee."

"Hata usipokuja hakuna shida, Tata. Nimekula kwako."

Alhamisi asubuhi akaanguka kwenye majani chai, kikapu mgongoni. Ni pressure. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka.

Jumapili nilienda Ekerenyo kama nilivyoahidi. Nilienda kuonyesha watu mahali pa kuchimba.

Baada ya mazishi jirani yake aliniita jikoni kwa mama. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na sufuria ndogo, kikombe na mwiko, vyote vimefungwa uzi mwekundu. "Hizi ni za Kemunto," akaniambia. "Hakuna mtu aliruhusiwa kuzigusa. Na ile jiwe alikuwa anasagia mpaka mkono inafura. Nikamwambia apeleke mashine, akasema mashine inachanganya na ngano."

Nilikaa chini kwenye kigoda chake nikalia kama mtoto.

Lakini sio hilo lililonifanya niandike.

Wiki jana nilikaa na Kemunto nikaamua kumwambia ukweli, kwamba sio Magokoro aliyemfanya mgonjwa. Akaniangalia bila kushangaa.

"Najua, Baba. Ni unga ulipeleka mashine. Nilimwambia Magokoro Krismasi, tulipokaa nyuma ya jikoni."

"Akasema nini?"

"Akasema ndio ulioniumiza, lakini nisikuambie. Akasema ukijua utaumia sana."

Kwa hivyo alijua. Alikuja kwangu mikono mitupu akijua. Aliniuliza "nikoroge?" na "nimpe?" akijua. Na mimi nikamwambia neno langu si la haraka.

Sasa wimbi ya Kemunto naisaga mimi, kwenye jiwe la mama, nimelileta hapa nyuma ya nyumba. Mkono unafura kweli. Kemunto bado anasema uji una mawe, lakini anakunywa mpaka tone la mwisho.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikuambia "sikumpa", muulize vizuri kabla ya kumhukumu. Na msamaha usiupangie siku. Kama kuna mzee wako unangojea Jumapili umwombe msamaha, acha kusoma hapa, simu inatosha, mke wangu mwenyewe sasa anasema hivyo.

Waliowahi kubeba neno ambalo mwenyewe ameondoka kabla hajalisikia, niambieni mlilipeleka wapi. Wenye watoto wa gluten pia karibuni tubadilishane mapishi. Wa kunitukana atukane, nitasoma yote. Mama yangu tu msimguse.