Mutindi Kwenye Ngazi ya Kiu

Hebu mwone Mutindi akifika. Ni saa nane mchana, jua la mji wa Kabati limewafukuza watu wote barabarani, hata mbwa wamejibanza chini ya meza za soko. Mwanamke anatoka mlango wa poshomili, kinu cha kusaga mahindi, akiwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu. Kope nyeupe, masikio meupe. Anapita kibanda kilichofungwa, anasukuma pazia la chumba cha gemu cha Kilonzo, anasimama gizani. Kilonzo amemwona hivyo mara nyingi, lakini kila siku hushtuka kidogo.

"Wee! Leo umefufukia wapi?"

"Niwashie, Kilonzo. Saa tisa watu wanarudi na mahindi yao."

Ndiyo, mama wa poshomili anacheza gemu. Usicheke kwanza, kaa hapo nikuelezee.

Gemu yenyewe pale Kabati wanaiita Gemu ya Mitungi. Wachezaji watatu wanaingia kijiji kilichohamwa kwa ukame, wanakusanya mitungi ya maji kutoka nyumba hizo tupu, wanaifikisha kwenye lori na kuondoka hai. Kuna fisi, hao unapiga risasi. Lakini kuna kitu kingine kinaitwa Mwigaji, na hicho risasi hakisikii. Kinasikiliza mnavyoongea kwenye maiki, kisha kinakuita kwa sauti ya mwenzako. Ukiifuata sauti nyuma ya nyumba, umekwisha.

Wenzake Mutindi hakuwahi kuwaona kwa macho. Salat anauza matairi Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Ciku anapika chai na chapati hoteli iliyo jirani na duka la Salat. Kila mmoja ana skrini yake, na mchana magari yakipungua wanamngoja Mutindi hewani.

Walimpenda kwa sababu moja. Nyumbani kwao Matinyani, Mutindi alilelewa na nyanya yake hivi: ukiitwa mara moja, nyamaza. Mtu hai mwenye damu ataita tena. Kinachoita mara moja tu na kunyamaza, si mtu, na ukikiitikia umekipa njia. Basi akawafundisha wenzake kuitana mara mbili. Mwigaji alikuwa akiita mara moja, nao wakawa wanaokoka pale wengine walipokufa.

"Wallahi, dada, nyanya yako angekuwa tajiri angetengeneza gemu," Salat alimwambia.

Wakapanda, wakapanda, mpaka wakafika Ngazi ya Kiu.

Huko mambo ni mengine. Hakuna ramani. Ukifa, mwenzako hawezi kukuinua. Timu ikifa yote, mnashuka kidato, na mkianguka kutoka kidato cha mwisho akaunti inafutwa kabisa, kama hamkuwahi kucheza. Tena huko Mwigaji hatumii tu sauti za leo. Anatumia sauti zote zilizowahi kusemwa kwenye ile akaunti.

Hapo ndipo kuna Mutie.

Mutie alikuwa ndugu yake Mutindi. Ndiye aliyefungua ile akaunti, wakikaa pamoja kwenye benchi la Kilonzo, yeye ameshika maiki kwa kuwa dada yake aliona haya kuongea na watu asiowajua. Kisha kifua kikamsumbua, akalazwa, hakurudi. Picha zake ziko. Lakini hakuwa mtu wa kutuma sauti kwa simu, na baada ya mazishi Mutindi alitafuta kila mahali, hakupata hata kikohozi chake. Ndipo siku moja, Ngazi ya Kiu, nyuma ya zizi lililobomoka, sauti ikaita: *Mwana wa mwaitu!* Mtoto wa mama yangu, kwa Kikamba. Hivyo ndivyo Mutie alivyokuwa akimwita.

Ikaita tena. Mutie alilelewa nyumba ileile, siku zake zote aliita mara mbili, na gemu ilikuwa imehifadhi zote mbili.

Mutindi akaenda. Kesho yake pia akaenda. Timu ikaanza kuporomoka.

"Mama Unga, kwani unafanya nini huko?" Ciku alifoka. "Unasimama kama mlingoti! Mimi nachoma chapati za watu hapa nikikungoja!"

Hakuwaambia. Angesema nini? Mpaka siku ninayokusimulia, walikuwa kidato cha mwisho. Wakianguka, akaunti inafutwa, na sauti ya Mutie inakwenda nayo. Na wasipocheza kabla ya msimu kufungwa, inafutwa vilevile. Kumweka ndugu yake, ilibidi aingie, amsikie akimwita, na asiende.

Waliingia. Kijiji kilikuwa kimya, upepo unapuliza mabati. Salat akapata mitungi kwenye kanisa tupu. Ciku akawarudisha nyuma fisi.

"Salat! Salat!"

"Niko, Ciku. Songa kwa lori."

Mutindi alikuwa amebeba mtungi wa mwisho alipoisikia, karibu sana, kama mtu aliyeinama begani.

*Mwana wa mwaitu.*

Vidole vikaacha kubonyeza pedi ya gemu.

*Mwana wa mwaitu.*

"Huyo ni nani?" Ciku akauliza, sauti imeshuka. "Mama Unga, hiyo lugha ni yenu. Ni nani huyo?"

"Ni ndugu yangu."

"Anacheza na nani?"

"Hachezi. Tulimzika."

Kiboko kule lori la kweli likapiga honi, ikasikika mpaka Kabati kupitia maiki. Kisha Salat akasema polepole, "Dada. Mimi nawasha injini. Mimi siwezi kukuambia uje. Ni ndugu yako."

Mutindi akageuza mgongo, akaanza kutembea kuelekea lori. Na sauti ikamfuata. Sasa haikuita jina. Ilisema kwa Kikamba, taratibu, vile mtu anavyosema na dada yake jikoni: *Jipanguse unga usoni, unaingia machoni.*

Kazi ya poshomili Mutindi aliianza baada ya mazishi. Mutie hakuwahi kumwona na unga hata siku moja.

Alikimbia. Nakwambia alikimbia, kidole kimekandamiza pedi, na machozi yakafungua mifereji miwili kwenye ule unga. Akarusha mtungi ndani ya lori, akapanda, Salat akaondoa gari, na kijiji kikabaki nyuma. Skrini ikang'aa: wamepanda kidato. Akaunti imesalimika.

Ciku alikuwa akilia waziwazi. "Pole, Mama Unga. Aki pole. Nimekutukana bure."

Kilonzo, aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi muda wote, akasafisha koo. "Hizi gemu za siku hizi zinaunganisha maneno," alisema. "Huyo msichana anakuita Mama Unga kila siku. Imeokota hapo."

"Ciku hajui Kikamba."

"Wewe unakijua."

"Sijawahi kukiongea kwa hii maiki, Kilonzo. Naongea na nani?"

Kilonzo akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Mutindi akarudi poshomilini. Wiki hiyo alikuwa mtulivu, hata akacheka na wateja. Alijua Mutie yuko salama pale alipo, na kwamba ameweza kumpa mgongo bila kumpoteza. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Kisha Jumanne stima ikapotea mji mzima. Kinu kikazunguka, kikazubaa, kikasimama. Wewe hujui kimya mpaka usimame ndani ya poshomili iliyozima. Kule kwa Kilonzo nako, skrini zote zilikuwa zimekufa. Ndani ya poshomili walikuwa wawili tu, Mutindi na Kathini, jirani aliyekuwa ameleta debe la mahindi.

Nje, upande wa ukuta usio na mlango, mtu akaita. *Mwana wa mwaitu.*

Mutindi hakusogea. Unga ulikuwa bado unaelea hewani, unashuka taratibu.

*Mwana wa mwaitu.*

Kathini akainua kichwa, akamtazama kwa mshangao. "Mutindi, si unaitwa? Mtu ameita mara mbili. Kwani huitiki?"

Mutindi alikuwa amefunua mdomo. Mkono mmoja umeshika ukuta. Aliyejifunza kumpa ndugu yake mgongo ili asimpoteze, sasa hakujua tena aliye nyuma ya ukuta ni ndugu yake au ni kitu kinachomwiga.

Nami nakuuliza wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: ungekuwa Mutindi, ungeitika?