Kibandiko cha Garanti

Népomuscène alikuwa karani wa masjala katika wizara moja mjini Bujumbura, na kama kuna mtu aliyeamini karatasi kuliko macho yake, ni yeye. Wala tusimcheke haraka. Mwaka 1995 vijana wenye mapanga walimshusha kwenye basi dogo, na cheti cha kazi chenye mihuri mitatu ndicho kilichomrudisha nyumbani Ngagara akiwa mzima. Tangu siku hiyo karatasi zake zote zililala kwenye mfuko wa plastiki, chini ya godoro.

Mashine ya gemu aliinunua mwezi wa tatu wa 1996, kwa ajili ya mwanawe Régis. Kijana alikuwa na miaka kumi na sita, shule zilifungwa kila mara, na kwenye kona ya mtaa wenzake walikuwa wakiweka mawe barabarani na kusumbua wapita njia. Mashine ile ilimweka ndani kuliko kufuli. Alicheza mpira wa kwenye televisheni kutwa, mama yake Consolate akimletea chai pale pale mkekani. Kelele zake ziliwachosha majirani, lakini wazazi walizisikia kwa raha.

Mwezi wa saba umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na mashine ikazimika.

Consolate alitaka ipelekwe siku hiyo hiyo Buyenzi kwa Huseni, fundi wa redio waliyemjua tangu waoane. Mumewe akakataa katakata. Nyuma ya mashine kulikuwa na kibandiko, na ukikibandua garanti, ile ahadi ya kutengenezewa bure, imekufa. Naye garanti anayo, ya mwaka mzima, imepigwa muhuri. Akaifunga mashine katika boksi lake kwa kamba, mafundo mawili, akaipeleka kwa muuzaji mjini. Muuzaji akaahidi kuituma Nairobi. Wiki tatu tu.

Kabla wiki hizo hazijaisha jeshi lilitwaa nchi na nchi jirani zikafunga mipaka. Kila Ijumaa Népomuscène alikwenda dukani na karatasi yake ndani ya ule mfuko wa plastiki, na kila Ijumaa akaambiwa imeshafika Nairobi, inangoja njia. Consolate alimsihi aidai tu irudi. Alijibu kwamba wana haki yao, wangoje.

Régis naye alingoja. Wiki ya kwanza alilala, ya pili akasimama mlangoni, ya tatu akawa kwenye kona. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anakula wima na kutoka, na baba alipomwambia mashine inakuja Ijumaa, hakugeuka hata kumtazama.

Mwezi wa pili wa 1997 vijana wa kona walimrudisha wamembeba juu ya mlango uliong'olewa. Guruneti ilikuwa imemlipukia mkononi. Alitaka kumrushia nani, hakuna aliyesema, na Népomuscène hakuthubutu kuuliza.

Baada ya matanga ikafika Ijumaa, na miguu ikampeleka dukani kwa mazoea. Muuzaji alimpa pole, akainama chini ya kaunta, akatoa boksi. Lilikuwa na vumbi. Kamba ilikuwa ile ile, na mafundo mawili aliyoyafunga mwenyewe. Halikuwahi kuvuka hata barabara. Népomuscène alitamani kumkaba yule mtu, lakini mikono ilikuwa imeshalipokea boksi.

Alikwenda nalo moja kwa moja kwa Huseni. Fundi alibandua kibandiko kwa ncha ya kisu, akatoa fyuzi iliyoungua, akaweka nyingine kutoka kwenye redio mbovu. Taa ikawaka. Kazi yote haikufika dakika kumi.

"Ni fyuzi tu, Papa Régis," Huseni alisema, kisha akaona haya kwa maneno yake, akakataa malipo.

Nyumbani Consolate alikuwa akichambua maharage. Aliitazama mashine, akautazama ule mfuko wa plastiki ambao mumewe bado ameushika. Akautwaa, akatoa garanti, akasoma tarehe. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Akamrudishia.

"Karatasi yako iko muzima, Népo," akasema. "Mutoto ndiye hayuko."